Hela ya Njia Panda Ndani ya Simu Yangu

Nilimkuta mume wangu ameinamia meza, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika.

Mbele yake kulikuwa na vikaratasi vitatu.

Kimoja nilikijua, kwa sababu ni changu. Nilikuwa nimekificha nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na picha yenyewe sasa ilikuwa imelazwa kifudifudi kwenye kochi.

Cha pili nilikijua pia. Kilitakiwa kiwe kwa Subira, shoga yangu.

Na cha tatu...

Jamani, cha tatu kilitakiwa kiwe Matogoro, kwa mama mkwe!

"Baba Suzana, unafanya nini?"

Hakuinua hata kichwa.

"Namtibu mama yangu," akasema, akaendelea kuandika kwenye simu yake.

Nilisimama palepale mlangoni.

Ndugu zangu mnaosoma, nawaomba mnivumilie. Naandika hii nikiwa nimechoka, na siyo uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Nimechoka kueleza kitu kile kile kwa watu wale wale. Leo naeleza mara ya mwisho, hapa, ili mtu akiniuliza tena nimtumie linki ya posti hii.

Mimi naitwa Leticia, naishi Bombambili, Songea. Kuna kampuni moja ya nje nawafanyia kazi ya kuandika maneno ya Kiswahili chini ya video zao. Wananilipa kwa kripto, zile dola za mtandaoni. Zinakaa kwenye waleti, yaani pochi iliyomo ndani ya simu, na nikihitaji hela ya kawaida kuna mtu mjini nambadilishia.

Sasa waleti hiyo, siku unaifungua mara ya kwanza, inakupa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Hayo ndiyo ufunguo. Simu ikiibiwa, maneno yanakurudishia hela yako kwenye simu nyingine. Lakini mtu mwingine akiyapata yote kumi na mawili, hela ni yake. Hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupiga ukalia.

Nikawaza niyafiche wapi.

Kwenye kikoba cha mama mkwe wangu kule Matogoro, boksi la hela lina makufuli matatu. Funguo wanakaa nazo wanawake watatu, na yeye ni mmoja wao miaka yote. Boksi halifunguki mpaka wote watatu wawepo.

Basi na mimi nikafanya hivyo hivyo. Maneno manne nikabaki nayo, manne nikampa Subira, manne nikampa mama mkwe.

Najua wataalamu mtakuja kwenye komenti kusema kuna njia bora zaidi. Sawa. Mimi nilitumia ninachokijua.

Na hela yenyewe ilikuwa ya nini?

Ya macho ya mama mkwe.

Mama Benigna ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa amebaki na mwanga na vivuli tu. Watu alikuwa anawajua kwa mwendo wao, na ukiingia kimya anakuuliza "nani huyo?" kwa sauti ambayo ilikuwa inaniuma kila mara. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya misheni mwezi wa nane, na mimi nilikuwa nimekaribia kabisa kuitimiza hela ya upasuaji.

Hapo ndipo takataka ilipoingia.

Asubuhi moja nafungua waleti nione kama wamenilipa... nakuta kitu kipya. Tokeni, yaani sarafu nyingine ya mtandaoni.

Jina lake lilikuwa ni anwani ya tovuti. Na pembeni yake imeandikwa thamani: dola elfu arobaini na kitu!

Sikuiomba, sikuinunua, na hakuna mtu aliyeniambia ananitumia.

Sikushangaa sana. Zilishawahi kuja nyingine ndogo ndogo, nikasoma, nikauliza wanaojua. Anwani ya waleti iko wazi, kwa hiyo mtu yeyote duniani anaweza kukutupia kitu, kama mtu anavyoweza kutupa mfuko wa taka uani kwako akapita zake.

Ikikaa tu hapo haina neno. Shida inaanza ukiigusa.

Ukitaka kuiuza, inakupeleka kwenye tovuti yao. Huko watakuomba maneno yako kumi na mawili "ili wakuhakikishe". Au watakubonyezesha "nakubali" kwenye kitu usichokielewa. Ukishakubali, wanakomba ile hela yako halali uliyokuwa nayo, na zile elfu arobaini unagundua hazikuwahi kuwepo.

Kuifuta huwezi. Unaificha isionekane kwenye skrini, basi, unaendelea na maisha.

Nikasema nitaificha nikitoka kuoga. Simu nikaiacha mezani, waleti iko wazi.

Sikukaa bafuni. Maji ya Songea mwezi wa saba mnayajua, hakuna anayekaa nayo. Lakini muda ule mfupi ulitosha.

Mume wangu anaitwa Thadei. Ni fundi wa mageti na madirisha ya chuma, na ukipita mtaani kwetu mageti mengi unayoyaona yametoka kwenye mkono wake. Siyo mlevi, siyo mtu wa wanawake. Nawaambia mapema ili msianze kumchora vibaya kabla sijamaliza.

Jioni tunakula, akaniita.

"Mama Suzana."

"Abee."

"Kwenye simu yako kuna hela kiasi gani?"

"Ile ya macho ya mama. Si unaijua?"

"Na nyingine?"

"Nyingine ipi?"

Akacheka kile kicheko cha kutoa hewa puani.

"Nimeona dola elfu arobaini. Nimeziona mwenyewe!"

Nikaweka tonge chini.

"Baba Suzana, ile siyo hela. Ni mtego wa matapeli."

"Imeandikwa dola."

"Hata mimi naweza kuchukua mkaa nikaandika dola elfu arobaini kwenye ukuta huu. Utaninunulia nini nayo?"

"Tapeli gani anayetoa hela? Tapeli si anachukua?"

Hapo nikamwelewa, ujue. Swali lake ni zuri. Mtu ambaye amepigwa maisha yake yote anajua tapeli ni yule anayekuja kuomba. Huyu anayekuja na mikono imejaa ni mgeni kwake.

Nikamweleza jioni ile. Nikamweleza tena asubuhi. Nikamfuata mpaka karakana yake nikamchorea kwa chaki kwenye bati: hii waleti yangu, hii tovuti yao, hapa ndipo wanapoingilia. Akatikisa kichwa, "Nimekuelewa, Mama Suzana," akavaa miwani yake ya kuchomelea, akaendelea na kazi.

Kumbe hakuna alichoelewa. Au alielewa, ila moyo ulikataa.

Haikupita wiki, mama mkwe akanipigia simu.

"Leticia, njoo."

Hivyo tu, akakata!

Nikachukua boda mpaka Matogoro. Ukungu ulikuwa bado umekaa mlimani. Nikamkuta Mama Benigna amekaa kwenye mkeka na ungo mapajani, anachambua maharage kwa vidole, yaliyooza anayajua kwa kuyagusa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa.

"Thadei amekuja hapa," akasema. "Ameniambia una hela nyingi zimelala kwenye simu, na mimi unaniacha napapasa kuta."

Jamani...

Mtu ninayekesha nikiandika maneno chini ya video za watu, macho yangu mwenyewe yanawasha, kwa ajili ya macho yake! Na mume wangu amepanda boda mpaka kwa mama yake kunisema hivyo!

Nililia. Sioni aibu kusema, nililia pale mkekani.

Nikaanza kueleza. Tokeni, tovuti, anwani, matapeli. Nikawa najisikia mwenyewe ninavyoongea kama redio iliyopotea stesheni. Yule mama wa watu anasikiliza, uso umetulia, na mimi najua kabisa hakuna kinachoingia.

Nikanyamaza. Nikapumzika. Halafu sijui wazo lilitoka wapi, nikamuuliza:

"Mama, ukikuta hela njia panda alfajiri, imefungwa kwenye kitambaa, unaiokota?"

Vidole vikasimama kwenye maharage.

"Mimi ni Mkatoliki," akasema.

"Najua, mama."

"Hayo mambo siyaamini."

"Najua."

Akachomoa harage moja bovu, akalitupa.

"Siiokoti," akasema.

"Kwa nini?"

"Si kuna mtu ameuacha ugonjwa wake hapo? Atakayeiokota ndiye anaondoka nao."

"Basi mama, hii ni hela ya njia panda. Tofauti ni kwamba hawakuiacha njia panda. Wameileta mpaka ndani ya simu yangu."

Akanigeuzia uso, macho yake yale meupe yakinitafuta.

"Sasa inafanywaje?"

"Haifanywi kitu. Nimeificha tu nisiione."

"Basi iache."

Akaendelea kuchambua maharage. Kwa mara ya kwanza tangu balaa hili lianze, kuna mtu alikuwa amenielewa, na ni mtu ambaye hajawahi kushika simu ya kugusa.

Nilirudi nyumbani moyo umetulia. Thadei naye aliacha kuuliza. Akawa mpole, anabeba maji, ananisifia mboga. Nikasema asante Mungu, limepita.

Ndugu zangu, mwanaume akinyamaza ghafla kwenye jambo la hela, msishukuru haraka.

Kumbe siku ile nilipokuwa bafuni alishapiga picha jina la ile tovuti kwa simu yake. Akaifungua. Akakuta maandishi makubwa: ingiza maneno yako kumi na mawili upokee zawadi yako.

Na maneno yalikokuwa alikujua, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia. Mume wangu nisimwambie, nimwambie nani?

Sasa turudi pale mlangoni.

"Nani kakupa hicho cha Subira?"

"Subira mwenyewe."

"Umemwambia nini?"

Akaendelea kubonyeza herufi.

"Thadei! Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mama amezidiwa. Nimemwambia uko naye hospitali na wanataka hela sasa hivi."

Sijawahi kumpiga mtu maishani mwangu. Siku ile nilikaribia.

"Na mama? Mama naye umemdanganya?"

"Mama nimemwambia umenituma."

"Simamisha hicho kitu! Ukimaliza hayo maneno hela ya macho yote inaondoka!"

"Nikimaliza, mama anatibiwa Dar! Anatibiwa hata India!" Sauti ilimkatika. "Kwani ni wewe peke yako unayeruhusiwa kumtibu?"

Nilimrukia. Yeye ni mrefu, akainua simu juu, mimi naning'inia kwenye mkono wake kama mtoto. Na huku juu, kidole gumba chake...

Akabonyeza.

Tukatulia wote wawili.

Kile kiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Kikazunguka... kikazunguka... Mimi namwona Mama Benigna na ungo wake. Namsikia anauliza, nani huyo?

Halafu yakatokea maandishi mekundu.

Maneno si sahihi. Jaribu tena.

"Umekosea herufi wewe," Thadei akajisemea. Akashusha simu, akaanza kuhakiki neno moja moja na karatasi, jasho linamdondoka. Akabonyeza tena.

Mekundu tena!

Hapo nikaipata ile simu. Nikaifunga ile tovuti, nikaishika kifuani kwa mikono miwili.

Lakini msifurahi bado. Maneno manane, yangu na ya Subira, yalikuwa yameshaingia kwa watu nisiowajua. Na kama yale ya mama yana kosa la herufi moja tu, je? Hao watu kazi yao ndiyo hiyo, wangekaa kubahatisha mpaka wapate. Ile waleti ilikuwa imeshaoza. Dawa ilikuwa moja tu, kufungua nyingine mpya yenye maneno mapya kabisa na kuhamishia hela huko kabla hawajafika.

Nikashika simu yangu.

Ujumbe ukaingia: bando lako limekwisha.

Nilicheka. Wallahi nilicheka, na mimi si Mwislamu.

"Niwashie hotspoti," nikamwambia Thadei.

Akanitazama kama hajasikia.

"Niwashie hotspoti, Thadei!"

Akawasha. Yaani simu ile ile aliyotaka kutumalizia nayo ndiyo iliyonipa intaneti. Nikafungua waleti mpya. Maneno kumi na mawili mapya nikayaandika kwenye bahasha ya zaka, ndiyo karatasi iliyokuwa karibu. Anwani nikaikagua mwanzo na mwisho, nikatuma.

Tukasubiri. Yeye kwenye kochi pembeni ya Yesu aliyelala kifudifudi, mimi sakafuni.

Ikaingia. Yote!

Ile tokeni sikuigusa. Nilihama na hela yangu halali, nikaiacha pale kwenye waleti ya zamani ikae na utajiri wake.

Nilisimama, nikaitundika picha ukutani, nikamwambia:

"Twende kwa mama."

"Kufanya nini?"

"Umeenda kumwambia nimekutuma. Sasa twende ukamwambie nani hasa alikutuma."

Njiani nilimpigia Subira. Akapokea anahema.

"Mama Suzana! Mama hali yake? Nimefunga genge nakuja huko hospitali!"

"Mama mzima, shoga. Thadei alikudanganya."



"Astaghfirullah," akasema polepole. "Na mimi nikampa mkononi... Leticia, alikuja analia. Ningemwambiaje mtu anayelia kwa mama yake kwamba siwezi?"

Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu.

Tulifika Matogoro jua limepanda. Mama Benigna alikuwa mlangoni anaota jua. Akainua kichwa, akasikiliza hatua zetu.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba. Mmekuja wawili," akasema. "Basi imeshindikana."

Nikatazamana na Thadei.

"Nini imeshindikana, mama?" Thadei akauliza.

Alishika pindo la khanga yake, akafungua fundo taratibu, akatoa kikaratasi kimekunjwa kidogo kama kidonge. Akaninyooshea mimi.

Nikakikunjua.

Ni mwandiko wangu. Maneno yangu manne!

"Sasa..." Thadei akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile alichokuwa nacho. "Sasa hiki ni nini?"

Nikakichukua. Pale nyumbani sikuwa nimekitazama sawasawa. Yalikuwa maneno manne ya Kiingereza, kweli. Ng'ombe, kiti, dirisha, mjomba. Mwandiko wa penseli, mkubwa, umepinda kuelekea juu. Na pembeni kulikuwa na vema ya mwalimu, ya wino mwekundu.

Ilikuwa karatasi ya shule ya Suzana, binti yetu, aliyomsomea bibi yake Jumapili iliyopita akaisahau huko!

Mtu mzima, fundi anayepima chuma mpaka milimita, hakuiona ile vema.

"Mama," Thadei akasema, "ulinipa ya mtoto?"

"Uliniambia nikupe karatasi ya Kiingereza. Nikakupa ya Kiingereza."

"Hukuona. Macho yako..."

"Yangu nimeifunga kwenye khanga tangu siku aliyonipa. Silali nayo mbali." Akashusha sauti. "Thadei, mimi nimekaa na ufunguo wa kikoba miaka mingapi? Umeshawahi kuona mtu anatumwa kufuata ufunguo? Mwenye ufunguo anaitwa. Anakwenda nao mwenyewe, anakaa, wenzake wanakaa, ndiyo boksi linafunguliwa. Leticia angeutaka, angeniita nikakae. Asingekutuma wewe."

Thadei alikuwa anatazama chini.

"Na aliniambia hela yenyewe ni ya njia panda," mama akaendelea. "Ulitaka kunitibu kwa hela ya njia panda, mwanangu?"

Hapo ndipo mume wangu alipolia. Alichuchumaa palepale kizingitini, mikono ile ya kushika chuma imemfunika uso.

"Mama, nimechoka," akasema. "Nimechoka kuwa mtu ambaye mama yake anatibiwa na mkewe. Watu wananiuliza mama anaendeleaje, nasema anatibiwa. Na nani? Nanyamaza. Nilipoona ile hela nikasema... na mimi sasa..."

Hakumalizia. Mama akanyoosha mkono hewani, akautafuta, akaukuta kichwa chake, akauacha hapo.

Na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimekunja mikono. Hasira ilikuwepo bado. Lakini na uchovu ulikuwepo, na nilipousikiliza ule uchovu wake niliona unafanana na wangu, kwamba wote wawili tulikuwa tunamkimbilia mama mmoja kwa njia tofauti. Hilo halifuti alichofanya. Ila nilikaa chini.

Mama alifanyiwa upasuaji mwezi wa nane, jicho moja kwanza. Hela ya hospitali ilitoka kwenye waleti mpya. Thadei alitengeneza geti la mtu mmoja wa Mahenge kwa siku chache bila kupumzika, akalipia nauli, chakula na chumba cha kulala karibu na hospitali, akakaa na mama yake muda wote. Hakuna aliyemwomba.

Sasa najua komenti zenu. "Dada achana naye." "Huyo ataiba tena." Wengine mtasema nimsamehe, ndoa ni kuvumiliana. Mwenyewe sijajua. Maneno mapya nimeyagawa tena mara tatu. Manne ninayo, manne anayo mama. Manne ya mwisho Subira amekataa kuyashika, anasema ameshaonekana hawezi. Mama anataka nimpe Thadei. Anasema mtu wa ndani asiye na ufunguo ndiye anavunja boksi.

Bado yako kwenye ile bahasha ya zaka. Nafikiria.

Lakini ninalowaomba nyie ni hili. Ukifungua waleti yako ukakuta kitu hukukiomba, hukununua, hujui kimetoka kwa nani, kiache. Usikiuze, usikitume kwa mtu, usifuate linki yake hata kwa kuchungulia. Kifiche. Maneno yako kumi na mawili hakuna tovuti, hakuna "wakala", hakuna zawadi inayostahili kuyaona. Na kama yameshatoka, hata nusu yake, usikae kuomboleza. Hama na hela yako siku hiyo hiyo.

Na waelezeni watu wa nyumbani kabla hawajaiona wenyewe. Waelezeni kwa lugha ya kwao. Mimi nilichora machaki karakana nzima, wakati maneno yaliyohitajika yalikuwa mawili tu: njia panda.

Naomba nimalizie na siku mama alipofunguliwa bandeji.

Nesi alitoa pamba taratibu. Mama akapepesa jicho, machozi yakamtoka, akaangalia dirisha kwanza. Akamwangalia Thadei muda mrefu, akamwambia amezeeka. Akaniangalia mimi, akanishika shavu.

Halafu akasema:

"Nionyeshe hiyo hela."

"Hela gani, mama?"

"Ya njia panda. Nataka niione."

Nikafungua ile waleti ya zamani, iliyobaki na takataka peke yake, nikaitoa mafichoni. Nikamwekea simu karibu na uso. Akasoma tarakimu polepole, moja moja, midomo inacheza.

Thadei aliangalia ukutani.

Mama akamtazama mwanawe, akarudisha jicho kwenye skrini.

"Ni nyingi kweli," akasema. "Kumbe ndiyo maana."

Akanirudishia simu, akafumba lile jicho jipya.

"Ifiche, Leticia. Nisije na mimi nikaipenda."